Mkuku wa Gari la Wazi

Hii ni hotuba niliyoitoa katika ukumbi wa skuli moja hapa mjini Unguja, mbele ya vijana wanaojifunza ufundi, mafundi wa gereji, na wazee waliokuja kwa mapenzi tu ya magari ya zamani. Nimeiandika yote kwa ajili ya wale ambao mvua iliwazuia kufika. Picha nilizokuwa nikizionyesha ukutani sikuziweka.

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu Mkuu, wazee wangu, mama zangu, mafundi wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka: ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya kulifufua nyumbani gari la zamani la wazi, yaani lile ambalo badala ya paa la bati lina turubai la kukunja. Kabla sijaendelea, nataka mjue kwamba mimi si fundi wa kusomea. Nimesomesha hesabu kwa miaka mingi, na ufundi wangu wa magari ni ule wa kuharibu kwanza na kutengeneza baadaye. Wanaojua zaidi yangu wamo humu ndani, nawaona, nao wakinisikia nimekosea wanyooshe mkono.

Gari lenyewe ni Morris Minor. Wenye mvi wanalijua, na wasio na mvi wamelisikia kwa babu zao. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1948, na aliyelibuni ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, mji ambao leo unaitwa Izmir. Ndiye huyo huyo ambaye baadaye alilibuni lile gari dogo la Mini. Kuna kisa cha kuzaliwa kwa gari hili ambacho hupenda kuwasimulia vijana wanapoogopa kushika msumeno. Gari la majaribio lilipokuwa limekwisha kuundwa, Issigonis aliliona jembamba mno; akaamuru likatwe katikati kwa urefu wake, toka pua hadi mkia, na vipande viwili vikasogezwa mbali mbali mpaka jicho lake liliporidhika. Pengo lilipopimwa likawa inchi 4, yaani kama sentimita 10. Ndiyo maana boneti ya Morris Minor ina ukanda bapa unaopita katikati yake, na bampa za yale ya mwanzo zimeungwa kwa kipande. Gari hili lilikatwa kabla halijaanza kuuzwa, na bado likawa gari la kwanza la Uingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Kukata si dhambi. Dhambi ni kukata bila ya kupima, na hiyo nimeifanya, nitakuelezeni.

Langu nililikuta Wete, Pemba, mwaka 2009. Ni la wazi, la injini ya sentimita za ujazo 948, ile iliyoanza kutiwa mwaka 1956. Lilikuwa katika banda la makuti, na ndani yake mmepangwa majamvi ya kuanikia karafuu. Mwenyewe aliponiuliza nataka kulifanyia nini, nikamjibu kwamba nitalitembeza. Akacheka mpaka akakaa chini. Alinipa na jamvi moja juu yake, labda kwa kunihurumia. Likapakiwa chomboni, likashushwa bandari ya Malindi hapa Unguja, likavutwa kwa kamba hadi uani kwangu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Gari lilipofika halikuwa na sakafu upande wa dereva. Ukikaa, unaiona ardhi. Na mimi, mwalimu mzima, nilikuwa nimekwisha kununua nini? Rangi! Gari halina pa kuweka mguu, mwenyewe ananunua rangi. Nilikuwa nimekwisha kukodi na mashine ya kuchomelea, na lau mambo yangalikwenda nilivyopanga, ningalibandika viraka kwa wiki mbili, nikapaka rangi, nikaingia barabarani, na leo pengine nisingekuwa hapa.

Lililoniokoa ni giza. Wakubwa mnakumbuka: Disemba 2009 umeme unaotujia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu Unguja nzima tulikuwa tukiteka maji kwa ndoo na kuishi kwa mlio wa majenereta ya wenye uwezo. Mimi jenereta sikuwa nalo. Je, mtu asiye na umeme anaweza kulifanyia nini gari bovu? Anaweza kuliangalia. Basi nikaliangalia miezi mitatu. Nikalifungua kwa spana na bisibisi, mchana mchana, na kila kilichotoka nikakiandikia kilikotoka: nati hizi ni za madigadi ya kushoto mbele, bolti hizi ni za bawaba ya mlango wa kulia, na kila kikundi katika kopo lake la maziwa. Nyaya nilizifunga vitambaa vya rangi na kuzichora daftarini kabla ya kuzichomoa. Nani kati yenu mafundi anaweza kuniambia hajawahi kubakiwa na nati tano mkononi baada ya kufunga injini? Nawaona mnacheka.

Nikachukua bisibisi butu nikawa nabonyeza bati kila baada ya inchi moja, chini kote. Palipo pazima hugonga kama sufuria. Palipooza huingia kama ndizi mbivu. Katika kizingiti cha kulia, yaani ule mhimili wa bati unaopita chini ya mlango, haikugonga wala haikuingia, ikanishangaza. Nilipokwangua nikakuta puti nene kama mkate wa kumimina, nyuma ya puti pana gazeti, na nyuma ya gazeti pana saruji. Naam, saruji, ya kujengea nyumba! Aliyeitia simjui, na Mungu amsamehe, kwa sababu saruji hunywa maji na kuyakumbatia, na bati lililokuwa limeizunguka halikuwako tena. Kizingiti kilikuwa rangi tupu iliyosimama kwa mazoea.

Kwa hivyo nawaomba wanaotaka kuanza: kabla ya kununua chochote, fungueni, gongeni, andikeni. Msisubiri umeme wa kisiwa kizima ukatike.

Nije sasa kwenye jambo lenyewe lililonileta hapa, na hapa nitakaa.

Nina boksi la viatu. Limefungwa mfuniko wake kwa gundi. Wewe kijana, njoo ulikamate pande mbili ulinyonge kama unavyokamua nguo. Halinyongeki, siyo? Haya, tuondoe mfuniko. Linyonge tena. Mmeona? Limejikunja kama mkeka. Karatasi ni ile ile, gundi ni ile ile. Kilichoondoka ni mfuniko tu. Gari lenye paa la bati ni boksi lenye mfuniko: paa, miimo ya milango, na sakafu vinagawana mzigo. Ukiliondoa paa, mzigo wote huteremka chini. Waliotengeneza Morris Minor la wazi walilijua hilo, wakaongeza mabati ya ziada ndani ya vizingiti na kwenye miguu ya miimo, mahala ambapo mnunuzi hatazami. Na ndiyo maana mtu akikuuzia gari la wazi, chungulia kwanza chini kama mabati hayo yapo, kwani huko Uingereza magari mengi ya paa yamekatwa vichwa yakageuzwa kuwa ya wazi, na si wote waliokata waliokumbuka kuongeza.

Mimi haya sikuambiwa na kitabu. Niliambiwa na rafiki yangu mmoja, fundi wa majahazi wa Nungwi, aliyekuja kunitembelea. Alilizunguka gari mara moja, akachutama, akaniuliza: "Maalim, mkuku wake uko wapi?" Mkuku ni ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima. Nikamwambia gari halina mkuku. Akasema kila kisicho na paa lazima kiwe na mkuku, na kama hakina basi kitakatika kiuno siku ya wimbi la kwanza. Fikirini wenyewe: jahazi liko wazi tangu gubeti hadi tezi, linabeba magunia, linapanda na kushuka katika mkondo, na halikunjiki. Kwa nini? Kwa sababu lina mkuku chini, na mataruma, yaani mbavu zake, yamekaa juu ya mkuku. Basi vizingiti vya gari la wazi ndivyo mkuku wake. Katika gari la paa kizingiti ni ndugu mmoja katika ukoo mkubwa. Katika gari la wazi ni baba wa nyumba.

Je, nilimsikiliza? Nilimsikia. Kusikiliza kulikuja baadaye.

Umeme uliporudi, nilikuwa na hamu kama mtoto siku ya Iddi. Nililiinua gari mbele na nyuma, katikati likaning'inia, nikakata kizingiti cha kushoto chote, na kwa pupa nikaanza na cha kulia kabla sijafunga cha kwanza. Jioni nikiwa naosha mikono nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Sikuujali. Asubuhi, mlango uliokuwa ukifungwa kwa kidole haukufungika hata kwa bega. Gari lilikuwa limebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, na vichwa vya miimo miwili, wa mbele na wa nyuma, vilikuwa vimesogeleana. Nilipima: milimita 14 zimepotea. Milimita 14 ni nini kwa mtu anayejenga ukuta? Si kitu. Kwa mlango wa gari ni tofauti ya kufunga na kutofunga. Nilitumia wiki nzima kuliinua kwa jeki na kipande cha mti katikati, nywele kwa nywele, nikipima asubuhi na jioni, mpaka milango yote miwili ilipokubali.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya leo, na ndivyo ninavyowaomba mfanye. Gari likae mahala palipo sawa, juu ya stendi imara au magogo, si juu ya jeki tupu, kwani jeki ni ya kuinulia, haikuumbwa kumlinda mtu aliyelala chini. Katikati pia pawekwe vishikizo. Milango ifungwe kwenye bawaba zake ikiwa mizima, kisha bomba la chuma lichomelewe kutoka mwimo wa mbele hadi mwimo wa nyuma kila upande, na jengine lipite kutoka upande huu hadi huu. Bomba hilo ndilo paa la muda. Halafu pimeni kwa mshazari, kona hadi kona, na nambari ziandikwe ukutani mahala ambapo watoto hawatazifuta. Ndipo ukate, upande mmoja tu, na usiuguse wa pili mpaka wa kwanza umekwisha. Baada ya kila kipande, fungua mlango na uufunge. Mlango hausemi uongo. Ukianza kukwaruza, simama.

Katika kuchomelea, bati la gari ni jembamba, na fundi aliyezoea kuchomelea mageti akija na vijiti vyake vinene atalitoboa kila anapoligusa. Choma nukta hapa, kisha ruka uchome nukta kule, uache pa kwanza papoe, mpaka nukta zikutane. Ukichoma mstari mmoja mrefu kwa mpigo, bati hujipinda kwa joto. Kuna wanaotumia bati la kuezekea kwa kuwa lipo karibu. Msifanye hivyo. Lile limepakwa zinki, na moshi wa zinki ukiuvuta utaamka na homa na kutetemeka. Na kabla ya cheche ya kwanza, betri itoke, tangi la petroli litoke kabisa liwekwe mbali, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Mtu huniambia: tangi langu ni tupu, Maalim. Tangi tupu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Wengine mtauliza mabati yenyewe hupatikana wapi. Vipuri vya Morris Minor bado hutengenezwa, na vingi huagizwa Uingereza. Lakini nilifurahi kujua kwamba Sri Lanka, kisiwa cha Bahari ya Hindi kama sisi, iliwahi kuwa na karakana iliyogonga mabati ya gari hili na kuyapeleka Uingereza kwenyewe! Mimi vizingiti niliagiza, sakafu nikaikunja mwenyewe kwa bati la milimita 1.2, na ukiitazama kwa karibu utajua kwamba aliyeikunja ni mwalimu wa hesabu.

Juu ya kutu nitasema kidogo, maana nyote mnaijua kwa majina. Chuma kinataka hewa na maji ili kioze, na chumvi huharakisha. Sisi tumejaaliwa vyote vitatu bure, kaskazi na kusi. Rafiki yangu wa Nungwi aliniuliza nimelipaka gari deheni gani. Chombo hupandishwa pwani, hukwanguliwa, hupakwa deheni ya chokaa na shahamu, na kazi hiyo hurejewa tena na tena; hakuna nahodha anayesema nilipaka mwaka juzi inatosha. Gari pia ni hivyo. Kila mwaka kabla ya masika mimi huliosha chini kwa maji matamu, huliacha likauke, kisha hunyunyiza nta iliyoyeyushwa kwa mafuta ndani ya vizingiti kwa matundu maalumu. Oili chafu ya injini situmii, kwa sababu hula mipira ya breki na huchafua ardhi ya ua ambao wajukuu wanachezea. Na yale matundu madogo chini ya milango na vizingiti, ambayo fundi wa rangi huyaona kama kasoro akayaziba kwa puti, ndiyo njia ya maji kutokea. Yazibueni.

Wanangu wa nyuma, bado mpo? Hili ni la kuokoa roho. Morris Minor lina tabia yake ya miguu ya mbele. Gurudumu linageuka juu ya nyuzi za chuma, kama bolti ndani ya nati, na nyuzi hizo zinaishi kwa grisi. Zikikosa grisi husagika kimya kimya, na siku zinapokwisha, mguu huchomoka na gurudumu hulala. Mimi hutia grisi kila baada ya maili 1,000. Zamani sikuwa hivyo. Nilikuwa nikirudi nyuma taratibu sokoni Mwanakwerekwe, usukani nimeukata wote, mara gari likapiga goti mbele ya mwuza mbatata, gurudumu limelala ubavu. Hakuna aliyeumia. Mwuza mbatata aliniambia, "Babu, gari lako limesujudu." Nilicheka pamoja naye, lakini usiku sikulala, kwa sababu asubuhi ile ile nilikuwa nimewapeleka wajukuu Bububu. Na breki nazo: silinda yake kuu imejificha chini ya miguu ya dereva, ndani ya chuma cha chasisi, na kwa kuwa haionekani watu huisahau. Kilichofichika katika gari hili ndicho cha kukaguliwa kwanza.

Nimebakisha turubai, ambalo kila mtu huanza nalo, na mimi naliweka mwisho kwa makusudi. Turubai hupimwa juu ya gari lililonyooka, lenye milango na vioo vilivyokwisha kukaa pahala pake. Ukilishona juu ya gari lililobonyea, utakuwa umeshona nguo ya mtu aliyepinda mgongo, na siku atakaponyooka itampasuka.

Nilichagua kitambaa kizito cha pamba badala ya plastiki, kwa sababu nakipenda. Nikampelekea fundi anayeshona matanga na makochi, mtu mwenye mkono mzuri sana, naye akapima, akakata, akashona. Likakaa kama lilizaliwa hapo. Ikaja masika. Mvua ya kwanza likalowa, likakauka, na lilipokauka halikufika tena kwenye kioo cha mbele. Limepungua vidole viwili. Nililivuta, mjukuu akalivuta, jirani akalivuta. Mke wangu alikuwa barazani akichambua mchele, akatutazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Hivi wewe hujui kwamba kitambaa kipya hurowekwa kabla ya kukatwa?" Miaka yote tuliyokaa pamoja amekuwa akiroweka vitambaa vya pamba kabla ya kuvipeleka kwa fundi, na mimi nikipita mbele ya ndoo. La pili tuliliroweka siku nzima, tukalianika juani mpaka likakauka kabisa, ndipo likakatwa, na hilo ndilo mtakaloliona leo. Lina mwiko mmoja: halikunjwi likiwa bichi. Likilowa, huachwa limesimama mpaka likauke, hata kama mwenye gari anataka kujionyesha Forodhani, vinginevyo litaota koga kwenye mikunjo.

Naambiwa muda wangu umekwisha, na nasikia mvua imepumzika. Gari lipo nje, chini ya mwembe. Wanaotaka kupanda wavute subira kidogo, kwa sababu turubai ni bichi na kwa hivyo sitalikunja. Lakini nimekuja na lile jamvi la karafuu la Wete, nimekwisha kulitandika ubavuni mwa gari, ili kila anayetaka alale chini avitazame vizingiti kwa macho yake. Tochi ziko mbili tu, basi pokezaneni. Na mtakaoona pahala nilipochoma vibaya, niambieni.

Wassalaam aleykum.